Somo: Kumrudisha ningu mtoni

Ningu ni samaki anayeishi Ziwa Victoria lakini hazalii humo. Mvua zikikolea na mto ukaanza kuchafuka, hupanda mito kama Mara, Kagera na Nzoia hadi kwenye majani yaliyofurika kandokando, akataga humo. Wengi wanamlaumu sangara kwa kuadimika kwake. Lakini sangara aliletwa miaka ya 1950, na wakati huo ningu alishaanza kupungua, kwa sababu tulimtegea nyavu mdomoni mwa mto akiwa na mayai.

Hatua ya 1: Fungueni mdomo wa mto. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Kaeni na BMU yenu, kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, mkubaliane: mto ukianza kujaa, hakuna nyavu za timba, za kokoro wala wigo wa kuuziba. Niliwahi kunasua jike kwenye timba. Nilipomgusa tumbo tu, mayai yakachuruzika vidoleni kama ulezi mbichi. Sijatega tena pale.

Hatua ya 2: Acheni mita 60. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo kutoka ukingoni. Msikimbilie miche. Acheni kulima kwanza, matete na mafunjo yatarudi yenyewe, ndipo mpande mikuyu. Mikaratusi hapana, inakunywa maji mno.

Hatua ya 3: Msijenge tuta kati ya mto na mbuga inayofurika. Ng'ombe wapewe sehemu moja ya kunywea, yenye changarawe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, miezi hiyo watoto wale nini?
Ndugu yangu, uvuvi haufungwi. Vueni ziwani, mbali na mdomo wa mto, kwa nyavu halali. Tunamwachia ningu njia kipindi anapopanda tu.

Tukimwaga vifaranga vya sato mtoni je?
Tafadhali msifanye hivyo. Sato naye ni mgeni ziwani, na tangu waje yeye na sangara, ngege, samaki wetu wa asili, amekuwa wa kutafutwa.

Shikamoo mwalimu. Tutajuaje kama wamezaa?
Marahaba. Maji yakianza kushuka, pita asubuhi kwenye vidimbwi vya majani, chota kwa beseni jeupe uangalie. Ukiona vifaranga, chukua jembe uwachimbie kijifereji cha kurudi mtoni kabla dimbwi halijakauka.