Rimu na matairi ya Tesla Model 3 kwa mashindano ya autocross

Autocross, kama inavyoendeshwa Marekani chini ya klabu ya magari ya michezo ya SCCA (Sports Car Club of America), huchezwa kwenye uwanja mpana wa lami uliopangwa koni. Magari huingia moja moja, raundi huchukua dakika moja hivi, na kona za kubana hufuatana bila nafasi ya kupumua. Gari la umeme huondoka papo hapo, na betri iliyolala sakafuni hulifanya litulie, lakini uzito hauendi popote. Tesla Model 3 Performance ya kabla ya 2024, ambayo ndiyo mfano wetu, ina kilo 1,850 hivi. Kwa hiyo anza kwa kufikiria mzigo. Upana na sura ya rimu vije baadaye.

Hatua ya 1: Soma kanuni kabla ya kutoa hela

Kundi la Street la SCCA linataka upana wa rimu ubaki wa kiwandani, na kipenyo kiongezeke au kipungue inchi 1 tu. Gari lililotoka na inchi 20 linaweza kushuka hadi 19, basi. Rimu ya 18x9.5 (kipenyo kwa upana, kwa inchi), tunayoiona bora kwa gari hili, inakuhamisha kundi. Matairi ya barabarani nayo yawe yameandikwa TREADWEAR (kipimo cha tairi kustahimili kuchakaa) 200 au zaidi ubavuni.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo

Gari na dereva ni kilo 1,930. Likiwa limesimama, kila tairi linabeba kama 480. Likikata kona kwa nguvu ya 1 g (nguvu ya pembeni inayolingana na uzito wa gari lenyewe), na kitovu cha uzito tukikikadiria nusu mita juu ya ardhi, kilo 600 hivi zinahama kutoka upande wa ndani kwenda wa nje. Matairi mawili ya nje yanabaki na karibu 1,570, yaani zaidi ya 780 kila moja. Ukigusa breki hapohapo, la mbele linaelemewa zaidi.

Sasa tazama namba inayofuata saizi ubavuni mwa tairi: 92 ni kilo 630, 95 ni 690, 97 ni 730, 99 ni 775, 101 ni 825. Saizi ya kiwandani 235/35R20 (upana milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 35 ya upana huo, rimu ya inchi 20) yenye 92 imezidiwa mbali. Tairi halitapasuka kwa sekunde chache za kona, lakini ubavu unajikunja, bega linasaga lami na usukani unachelewa kujibu.

Hatua ya 3: Chagua saizi ya tairi, kisha ndipo uchague rimu

Kipenyo kizima cha 235/35R20 ni milimita 672. Cha 265/40R18 ni 669, karibu sawa, na toleo la 101 XL (lililoimarishwa kwa mzigo mkubwa) linabeba kilo 825. Wengi hukimbilia 265/35R18 kwa sababu ndiyo saizi inayopatikana kirahisi kwenye matairi ya mashindano. Ina milimita 643, hivyo gari linashuka karibu milimita 15, na kinachosogea ardhini ni betri. Ukikosa 265/40, chukua 275/35R18, lakini soma namba: saizi hiyohiyo huuzwa ikiwa na 95 na pia 99. Chukua 99.

Weka saizi moja magurudumu yote manne. Mabega ya mbele yataisha kwanza, na utahitaji kuyahamishia nyuma.

Kuhusu aina: Yokohama Advan A052 hushika tangu raundi ya kwanza, ila chini ya gari zito hupata joto haraka na kuanza kuteleza, hasa madereva wawili wakipokezana gari moja. Ukilichagua, nenda na bomba la kunyunyizia maji, ulowanishe matairi kati ya raundi. Hankook Ventus RS4 linachelewa kupata moto lakini linadumu. Bridgestone Potenza RE-71RS ndilo tungemshauri anayeanza na gari zito.

Hatua ya 4: Rimu

Vipimo vya Model 3: matundu 5x114.3, tundu la katikati milimita 64.1, nati M14x1.5. Angalia uwezo wa mzigo uliochorwa nyuma ya rimu. Chukua uzito wa juu wa ekseli ya nyuma kutoka kibandiko cha nguzo ya mlango, gawa kwa mbili. Rimu iliyo chini ya hapo usiinunue hata kama ni nyepesi kama unyoya. Rimu za kufuliwa kwa kugandamizwa (forged) zinastahimili kuliko za kumimina (cast).

ET ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. Kutoka upana wa 8.5 ET35 hadi 9.5 ET35, rimu inaongezeka milimita 12.7 ndani na 12.7 nje. Kabla ya kulipia seti nzima, funga moja mbele, bandika udongo wa kuchezea watoto ndani ya madigadi na kwenye mkono wa sapoti, kata usukani hadi mwisho pande zote, kisha pima udongo uliobaki. Ukiwa chini ya milimita 4, tafuta ET nyingine.

Kwenye Performance, diski ya nyuma ina ukingo uliotokeza kuzunguka habu. Rimu isiyo na nafasi yake haikai bapa. Nati zinakaza ukingo, siyo habu, na zitalegea. Kalipa za mbele nazo hazipitishi kila rimu ya inchi 18.

Sensa za upepo: magari ya mwanzo yanatumia 433 MHz, ya kuanzia karibu 2021 yanatumia Bluetooth. Hazichanganyiki.

Hatua ya 5: Kufunga na kujaza upepo

Jeki ikae kwenye sehemu zake nne tu, ikiwa na kipande cha mpira. Ikikosea inabonyeza betri. Kaza nati kwa Nm 175, kwa spana ya kupima toki, na urudie baada ya kilomita 80.

Kibandiko kinasema psi 42. Anza na 38 mbele na 36 nyuma. Paka chaki kwenye bega la tairi, kimbia raundi moja, uangalie. Chaki ikifutika hadi chini ya alama ndogo ya pembetatu, tairi linajikunja: ongeza psi 2. Ikibaki juu ya alama, punguza 1. Pima upya kila raundi, maana joto hupandisha upepo, na kinachohesabika ni kipimo cha moto.

Pua ikiendelea kusukumwa nje ya kona hata upepo ukiwa sawa, kasoro ni kemba ya mbele, yaani mwinamo wa gurudumu likitazamwa kwa mbele: kiwandani haina marekebisho. Mikono ya juu inayorekebishika, ikiwekwa nyuzi 2 hadi 2.5 hasi (juu ya gurudumu kuinamia ndani), huokoa mabega kuliko tairi lolote ghali.