Kukuza mawele ya mapambo Nairobi, hatua kwa hatua

Haya ni mawele yale yale ya uji, ila yamezalishwa kwa ajili ya bustani: majani ya zambarau iliyokolea na suke refu lililosimama wima. Aina maarufu ni Purple Majesty, iliyotuzwa medali ya dhahabu ya All-America Selections, shirika la Marekani linalojaribu aina mpya za mimea ya bustani, mwaka 2003. Huishi msimu mmoja tu.

1. Msimu. Sia mbegu mwishoni mwa Septemba ili mvua za vuli zikute miche tayari, au Februari kabla ya masika. Juni hadi Agosti usijaribu. Baridi ya Nairobi hudumaza mawele.

2. Kusia. Tumia pakiti za maziwa za nusu lita, uzitoboe chini. Trei za vishimo vidogo sizipendekezi kabisa. Mbegu mbili kila pakiti, kina cha sentimita moja, kisha ubakize mche wenye nguvu. Miche huota ikiwa ya kijani. Usiogope, rangi huletwa na jua.

3. Kuhamisha. Hapa ndipo wengi hupotezea msimu mzima. Juzi nilimsaidia jirani hapa Embakasi ambaye mawele yake yalitoa suke yakiwa hayajafika hata magotini. Alikuwa ameweka mbolea, akaongeza maji, akanyunyiza dawa, bila mafanikio. Tulipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa bado imejiviringa kwa umbo la kile kikopo alichonunulia mche. Mawele yakibanwa mizizi hudhani maisha yanaisha, hukimbilia kuzaa, na yakishatoa suke hakuna mbolea itakayoyarefusha.

Kwa hiyo chunguza mapema. Mche ukiwa na majani manne au matano, pindua pakiti, shika udongo kwa vidole, uuchomoe polepole. Ukiona ncha nyeupe za mizizi zimegusa ukingo, hamisha siku hiyo hiyo jioni. Zikiwa zimeanza kuzunguka, umechelewa kidogo. Zilegeze kwa vidole kabla ya kupanda. Udongo ukimomonyoka wote, rudisha, ngoja siku chache. Ukinunua miche kwenye vitalu vya kando ya barabara, chagua mifupi isiyo na suke, hata kama muuzaji anakusifia ile iliyochanua.

4. Shamba. Penye jua la kutwa. Kivulini majani hubaki ya kijani. Acha sentimita 30 hadi 45 kati ya miche. Kwenye udongo mweusi unaonata, kama wetu, inua tuta na uchanganye samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

5. Maji. Mwagilia shinani, si majanini.

6. Masuke. Kwera na shomoro watayafuata. Ukiyataka ya chombo cha maua, kata kabla punje hazijakomaa. Ukiwaachia ndege, sawa pia. Mbegu usiweke akiba: Purple Majesty ni chotara, watoto hawafanani na mama. Nunua mpya agroveti kila msimu.