Somo: namna ya kupanga ejenti za programu zikifanya kazi pamoja

Haya jamaa, ejenti ni programu ijiamuliayo na kufanya kazi yenyewe. Wengi wetu, ejenti moja ikishafanya kazi vizuri, twakimbilia kuongeza zingine kumi, kila moja yaongea na kila moja, na hapo ndo vurugu laanza. Tuchukue mfano wa maroli yatoayo kontena bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda yadi za Changamwe, kila roli na ejenti yake.

Kwanza hesabu njia za mazungumzo. Ejenti 10 zikiongea zote kwa zote ni njia 45, zikiwa 20 zafika 190. Ukiweka ejenti mkubwa mmoja juu ya 9 wabaki na njia 9 tu.

Pili, na hapa usiharakishe, jiulize habari inakaa wapi. Kama orodha yote ya kontena iko sehemu moja, weka ngazi, mkubwa agawe kazi, na kosa likitokea utaliona upesi. Lakini mkubwa akizima kila kitu chasimama, so muwekee msaidizi.

Kama kila roli ndo lajua mafuta yake, liko wapi na limebeba nini, mkubwa hawezi kuyajua yote kwa wakati, hapo mie nasema mnada. Mtafiti wa kompyuta Reid G. Smith aliueleza mwaka 1980: mwenye kazi atangaza, wengine wapeleka zabuni, achagua mmoja, ampa. Weka saa ya kufunga zabuni, tafadhali sana, la sivyo utangoja ejenti iliyokufa zamani. Na ejenti zikiwa za kampuni tofauti jua kuna zitakazodanganya bei.

Kama hujui nani aanze nani afuate, tumia ubao mmoja, kila ejenti isome na kuandika hapo. Programu ya Hearsay-II ya kule chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ilitumia ubao kama huo kutambua maneno ya kusemwa miaka ya 1970.

MASWALI

– Shukran kaka. Mie nna ejenti tatu tu, nianze na gani?
– Ngazi dadangu. Ila jaribu kazi yote kwa ejenti moja kwanza, huenda yatosha.

– Twaweza kuchanganya?
– Yes, na mie napenda hivyo, ngazi juu baina ya yadi, mnada chini baina ya maroli.

– Ustadh, maroli mawili yamechukua kontena moja, nifanyeje?
– Kila kontena iwe na rekodi moja tu ya nani kaishika, anayetangulia kuandika ndo mwenyewe, wa pili akataliwe palepale na arudi mnadani.