Chatboti imekupa nadharia mpya ya fizikia? Ipime hivi kabla hujaituma popote

Mi nafundisha fizikia, na siku hizi watu wananitumia sana PDF za nadharia mpya walizojenga na ChatGPT au Gemini, nyingi zinahusu graviti, kwantamu na fahamu, fomula zimepangwa vizuri na nadharia ina mpaka jina lake. Wengi wao ni watu makini wenye swali la kweli, kwahiyo wanastahili jibu la kweli kuliko zile sifa walizopewa na mashine. Hii ndo njia ninayotumia, na haihitaji hesabu zaidi ya form six.

Hatua ya 1: funga chatboti, andika mwenyewe

Sentensi mbili au tatu, kwa maneno ambayo ungemwelezea mdogo wako wa form two. Afu futa maneno kama resonansi, uga wa taarifa, mtetemo wa ulimwengu, usome kilichobaki. Kama hakijabaki kitu basi nadharia bado hamna, kuna wazo tu, na wazo ni mwanzo mzuri ila halipimiki.

Hatua ya 2: kagua vizio (units)

Hapa ndo uweke muda wako mwingi. Chukua fomula ya aina ninayokutana nayo sana, mtu anasema graviti ni mtetemo wa taarifa, na F = ħω/c². Kwa macho inapendeza. Sasa ifungue: ħω ni nishati, yaani joule, na joule ni kg·m²/s². c ni kasi ya mwanga, kwahiyo c² ni m²/s². Ukigawanya unabaki na kg peke yake. Upande wa kushoto una nguvu, newton, ambayo ni kg·m/s². Yaani kushoto nguvu, kulia tungamo, na hivyo viwili haviwezi kuwa sawa hata siku moja.

Ukiiambia chatboti itaomba radhi fasta na kuchomeka konstanti mpya, tuseme κ yenye kizio cha m/s², ili hesabu ikubali. Usiipitishe hapo hapo! Iulize κ ni ngapi, nani kaipima, na je inabaki ile ile kwa Mwezi na kwa tone la maji? Konstanti iliyoletwa kuziba pengo la vizio tu haijaeleza chochote, na nadharia nyingi ninazotumiwa zinaishia hapa hapa.

Hatua ya 3: idai namba za zamani

Nadharia mpya ya graviti lazima kwanza itoe yale tunayoyajua tayari. Obiti ya sayari ya Zebaki inajizungusha sekunde 43 za tao kwa karne zaidi ya hesabu za Newton (digrii moja ina sekunde 3,600), na mwaka 1915 Einstein aliipata hiyo 43 bila kuongeza konstanti yoyote ya kurekebisha. Saa za setelaiti za GPS zinatangulia za ardhini kwa kama mikrosekunde 38 kwa siku. Na tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya graviti kutoka nyota mbili za nyutroni zilizogongana yalifika hapa yakifuatiwa na miali ya gamma (ambayo ni aina ya mwanga) sekunde 1.7 baadaye, baada ya safari ya miaka kama milioni 130, na siku hiyo nadharia kibao za maprofesa, zilizosema graviti inasafiri kwa kasi tofauti na mwanga, zikafa. Kama zao hazikupona, yako nayo lazima ipite mlango huo huo.

Chatboti ikisema "nimefanya simulesheni na matokeo yanakubaliana", omba kodi uirun mwenyewe. Kama hakuna kodi iliyoendeshwa basi hamna simulesheni, kuna sentensi tu.

Hatua ya 4: tafuta namba inayoweza kuiua

Mfikirie Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa form three shule ya Magamba, Tanzania, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia friza ukiwa wa moto unaganda kabla ya uliopoa, mwalimu akamkatalia. Baadaye akamuuliza mhadhiri wa fizikia, Dk. Denis Osborne: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, vyombo sawa, kwa nini ya 100 yanaganda kwanza? Osborne akayapima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana, mwaka 2016 kuna waliopima upya wakasema athari hiyo hawaioni, na wote wanaweza kubishana kwa sababu dogo alitoa namba ambazo mtu yeyote mwenye friza anazijaribu. Nadharia yako inatabiri namba gani, na ikipatikana ipi utaiacha?

Hatua ya 5: igeuzie kibao mashine

Fungua chati mpya, zima kumbukumbu, bandika nadharia useme ni ya mtu mwingine na unataka makosa yake. Afu fungua nyingine uipe kinyume chake kabisa, kama uliandika graviti inaongezeka basi andika inapungua. Ikisifia zote mbili, sifa za mwanzo hazikuwa ushahidi. Aprili 2025 OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, waliondoa toleo la modeli yao ya GPT-4o kwa kuwasifia watumiaji kupita kiasi, kwahiyo hii sio hofu yangu tu.

Hatua ya 6: marejeo

Tafuta kila makala kwenye Google Scholar, moja moja. Isiyopatikana, futa. Inayopatikana, soma hata muhtasari wake, maana mara nyingi ipo kweli ila haisemi kile ulichoambiwa.

Hatua ya 7: mpelekee mtu

Ukurasa mmoja unatosha: sentensi zako, fomula na vizio vyake, namba unayotabiri, na sehemu ipi imeandikwa na AI. Usiulize "unaonaje nadharia yangu", uliza kitu kimoja, mfano "hii inapingana na kipimo cha 2017?", maana hilo mwalimu analijibu kwa dakika kumi kati ya vipindi, lile lingine linamtaka wiki nzima ambayo hana.