Wakiingia bila hodi: ufanye nini polisi wa Marekani wakikosea nyumba

Mwongozo huu ni wa Waswahili wanaoishi Marekani, hasa familia zilizopanga apatimenti ambazo milango yake imepangana sare kama ya bweni. Tanzania, upekuzi wa polisi hutarajiwa kuwa na shahidi asiye askari, mara nyingi mjumbe wa mtaa. Marekani hakuna mjumbe. Shahidi wako ni kamera, karatasi na jirani aliyeamka kwa kishindo.

Polisi hukosea nyumba kwa njia tatu, na kila moja ina kinga yake.

Ya kwanza ni kukosea namba. Oktoba 2017, kabla ya mapambazuko, kikosi cha FBI kilivunja mlango wa familia moja Atlanta, kikarusha bomu la kishindo (flashbang, la kelele na mwanga wa kuduwaza) na kumtia pingu mwanamume aliyekuwa amejificha kabatini. Nyumba waliyoitaka ilikuwa nyingine, kitongoji kilekile lakini barabara tofauti. Kiongozi wao alikuwa ametegemea GPS yake binafsi, na hawakutazama kibao cha barabara wala namba iliyokuwa kwenye sanduku la barua. Walianza kushtuka walipoona kuwa mtu waliyemkamata hana michoro ya usoni ya mtuhumiwa wao, na kuwa barua iliyokuwa mle ndani ina anwani tofauti. Kumbuka hiyo barua, tutairudia.

Ya pili ni taarifa mbovu, au uongo mtupu. Mwaka 2006, Atlanta hiyohiyo, askari walimdanganya hakimu kwamba mtoa habari wao alinunua dawa za kulevya nyumbani kwa Kathryn Johnston, bibi wa miaka 92. Walipovunja mlango alifyatua risasi moja. Wao walifyatua 39, kisha wakapandikiza bangi nyumbani kwa marehemu. Houston, Januari 2019, mume na mke waliuawa kwao kwa hati ya upekuzi iliyojengwa juu ya mtoa habari wa kubuni. Askari aliyeiandika alihukumiwa miaka 60 mwaka 2024.

Ya tatu ndiyo watu huisahau: nyumba ndiyo, lakini mtu siye. Breonna Taylor aliuawa Louisville Machi 2020 katika upekuzi uliohusu mpenzi wake wa zamani, ambaye hakuwa akiishi pale. Amir Locke, miaka 22, alikuwa amelala kwenye kochi Minneapolis Februari 2022. Jina lake halikuwemo kwenye hati. Alipigwa risasi kabla sekunde kumi hazijatimia tangu mlango ufunguliwe.

Kabla halijatokea

Anza na namba ya mlango. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka tarakimu zenye kimo kisichopungua inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, mstari wake uwe na unene wa nusu inchi, na rangi yake iachane na ukuta. Tarakimu za shaba juu ya mlango wa kahawia hazionekani usiku. Nunua nyeupe zinazong'aa zikimulikwa, uzibandike usawa wa macho, na taa ya nje iwake usiku kucha. Kwenye apatimenti kagua pia namba ya jengo, maana askari huanza na jengo. Ikiwa "6" yako imelegea msumari ikapinduka kuwa "9", hilo si jambo la kungoja fundi wa mwenye nyumba. Panda kiti uirudishe leo. Ukimwandikia mwenye nyumba kuhusu namba au taa, tumia barua pepe ubaki na nakala.

Sasa safisha anwani yako. Barua za mpangaji aliyehama zikiendelea kuja, usizirundike juu ya friji. Andika kwenye bahasha "Not at this address" na uirudishe posta. Na hapa tuseme wazi: ile huruma yetu ya kumpa binamu au rafiki wa kanisani anwani "aitumie tu kwa leseni" ina gharama. Anwani hiyo huingia kwenye kumbukumbu, na siku akitafutwa, mlango utakaofikiwa ni wako. Mtu asiyelala kwako asipokee barua kwako.

Weka bahasha ya bili yenye jina na anwani yako mahali panapoonekana sebuleni, karibu na mlango. Ikiwa askari ataanza kuwa na shaka, iwe kitu cha kwanza kukiona.

Kitanda cha mtoto kisikae sebuleni, wala chini ya dirisha, wala kwenye mstari wa mlango wa mbele. Mei 2014, Georgia, bomu la kishindo lilitua ndani ya kitanda cha mtoto wa miezi 19 likamchana uso na kifua. Familia ile ilikuwa wageni tu pale, na mtu aliyetafutwa hakuwepo. Wageni wetu nao hulazwa sebuleni. Ukiweza, walaze chumbani.

Kuhusu bunduki. Sheria za majimbo mengi zinakuruhusu kuwa nayo nyumbani, na hatubishani na sheria. Ila angalia vifo vyenyewe: bibi wa Atlanta, Taylor, ambaye mpenzi wake alifyatua risasi moja akidhani ni wezi, Locke kwenye kochi na bunduki mkononi. Farmington, New Mexico, Aprili 2023, polisi waliitwa nyumba moja wakagonga ya ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba alifungua mlango akiwa na bunduki mkononi, akauawa mlangoni pake. Haki ya kumiliki silaha haizuii risasi. Kama unayo, ikae kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na mlango, na usiende nayo kuitikia hodi.

Mlango ukigongwa

Itikia haraka, kwa sauti, bila kufungua. Usinyamaze ukidhani wataondoka. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba, katika kesi ya kokeini, sekunde 15 hadi 20 baada ya kubisha zilitosha kuvunja mlango. Sekunde 15 hazitoshi hata kutafuta kandambili. Ukiitikia, wale wa nje wanajua kuna mtu aliyeamka na anayesema nao.

Kama huna hakika ni polisi (wezi nao huvaa fulana zenye neno hilo), piga 911. Neno lako la kwanza liwe "Swahili", utaunganishwa na mkalimani. Taja anwani yako yote pamoja na namba ya apatimenti, uliza kama kuna askari waliotumwa hapo. Washa spika, weka simu mezani, uondoke pale ilipo. Simu nyeusi mkononi usiku imewahi kudhaniwa silaha.

Waombe wapitishe hati chini ya mlango au waibandike kwenye kioo cha dirisha. Tazama kwa mpangilio huu:

1. Anwani, mpaka namba ya apatimenti. Jengo pekee halitoshi.
2. Jina la mahakama na saini ya jaji au hakimu.
3. Tarehe. Hati ya serikali kuu lazima itekelezwe ndani ya siku 14, na kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, isipokuwa jaji ameruhusu saa nyingine.
4. Ni ya upekuzi au ya kukamata? Hati ya kumkamata mtu fulani haiwapi ruhusa ya kumtafuta kwa mtu mwingine. Tangu 1981 Mahakama Kuu imesema wanahitaji hati ya upekuzi ya nyumba hiyo, isipokuwa kuna dharura au umewaruhusu.

Karatasi ya uhamiaji namba I-200 au I-205 husainiwa na afisa wa uhamiaji, si jaji. Hiyo haikulazimishi kufungua mlango.

Kosa likionekana, liseme mlangoni mara moja: namba yangu ni hii, hati yenu inasema ile. Wakisisitiza kuingia, sema sentensi hii bila kuizuia njia: "I do not consent to a search." Ifanyieni mazoezi nyumbani, hata babu asiyejua Kiingereza. Ukisema "okay" kwa adabu tu, kama tulivyolelewa, neno hilo linaweza kuhesabiwa kuwa ruhusa, na ruhusa huua madai yako baadaye.

Mlango ukishavunjwa

Hapo ubishi umekwisha. Kazi yako ni kubaki hai mpaka wagundue. Simama au lala ulipo, mikono juu, viganja wazi, vidole vimetawanyika. Usimkimbilie mtoto, mwite kwa sauti ya chini abaki alipo. Usikimbilie chooni, kwa kuwa kwao ni dalili ya mtu anayemwaga dawa za kulevya. Usiingize mkono chini ya shuka hata kutafuta nguo, omba nguo.

Wakikuuliza wewe ni nani, taja jina na anwani kamili, kisha waelekeze kwa mdomo, si kwa mkono, kwenye ile bahasha. Chicago, Februari 2019, mwanamke aliyekutwa uchi akatiwa pingu aliwaambia zaidi ya mara 40 kwamba wamekosea nyumba. Hawakumsikiliza haraka, lakini kila neno lilinaswa na kamera za vifuani mwao, na mji ukamlipa dola milioni 2.9. Kwa hiyo sema hata kama hawasikii. Tangu 1987 sheria ni kwamba askari akishajua, au alipopaswa kujua, kuwa yuko nyumba siyo, lazima asimamishe upekuzi. Ile dakika uliyotaja anwani ndiyo mwanasheria ataitafuta kwenye video.

Maswali mengine yote: "I want a lawyer." Usisaini kitu, hata karatasi wanayosema ni ya kulipiwa mlango.

Siku mbili za kwanza

Ita gari la wagonjwa kwa wazee hata kama wanasema hawajambo. New York, Mei 2003, mwanamke wa miaka 57 alirushiwa bomu la kishindo katika upekuzi wa nyumba siyo. Alifariki kwa mshtuko wa moyo baada ya saa mbili hivi. Masikio, vifundo vya mikono na kifua vikaguliwe hospitali, na ueleze chanzo ili kiandikwe kwenye faili.

Usifagie. Piga picha kila chumba ukisimama kona nne, kisha karibu: fremu ya mlango na rula pembeni, zulia lililoungua, matundu ya risasi. Vipande vya bomu visiguswe mpaka vipigwe picha. Andika majina, namba za beji na namba za magari. Wanapaswa kuacha nakala ya hati na orodha ya vilivyochukuliwa. Wasipoacha, andika hivyo. Video za kengele za milango ya majirani hufutika zenyewe, kwa hiyo zunguka siku ileile. Kisha omba kwa maandishi video za kamera za vifuani na sauti za 911. Illinois, kwa mfano, sheria inataka video isiyowekewa alama ya kutunzwa zaidi ihifadhiwe siku 90 tu. Mikataba mingi ya bima ya wapangaji hailipii uharibifu unaotokana na amri ya serikali, kwa hiyo stakabadhi ya fundi wa mlango itunze.

Akifa mtu, mazishi ndiyo mtego mgumu kwetu. Desturi na dini zinatusukuma kuzika upesi. Msizike kabla ya uchunguzi wa daktari wa serikali, na ulizeni mwanasheria kama mnahitaji daktari wenu wa pili. Kwale, Kenya, Agosti 2014, polisi waliomfuata mjomba usiku walimuua msichana wa miaka 14, na mwili ukabidi ufukuliwe ili uchunguzi ufanyike. Askari wawili walifungwa miaka 7 mwaka 2016. Marekani, anayeweza kudai kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama au ndugu anayetajwa na sheria ya jimbo. Anzeni mapema kutafuta vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa. Cheti cha nikaha kilichobaki Bukavu au Tanga hakipatikani kwa wiki moja.

Madai na saa zake

Hapa ndipo wengi hupoteza kila kitu kwa kungoja uchunguzi wa polisi uishe. Notisi ya madai dhidi ya mji hupelekwa mapema sana: New York siku 90, miji ya Georgia miezi 6. Kesi ya kukiukwa haki za kikatiba hufuata muda wa jimbo: Kentucky na Tennessee mwaka mmoja, Ohio miwili. Mawakili wengi huchukua theluthi hadi asilimia 40 ya malipo na hawadai kitu mwanzoni. Anayetaka hela mbele kwa kesi ya aina hii, jiulize mara mbili.

Waliovunja wakiwa wa serikali kuu, kama FBI, njia ni nyingine. Sheria inayowaruhusu waathirika kuidai serikali kuu ilipanuliwa mwaka 1974, baada ya nyumba kuvamiwa kimakosa Collinsville, Illinois. Juni 2025, katika kesi ya ile familia ya Atlanta, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu walikubaliana kuifufua, wakairudisha mahakama ya chini iendelee kuipima. Unajaza fomu SF-95, unaipeleka kwa idara husika ndani ya miaka 2, na lazima uandike kiasi kamili cha dola. Ukiandika "kadiri mtakavyoona", fomu yako ni batili. Usiandike kidogo kwa unyenyekevu, maana kwa kawaida mahakamani huwezi kudai zaidi ya hapo. Idara ina miezi 6 ya kujibu. Barua ya kukataa ikija, miezi mingine 6 ya kufungua kesi huhesabiwa tangu siku ilipotumwa, si siku uliyoifungua.