Kuwaandalia Wajukuu Katuni za Hadithi za Kale Krismasi Hii

Desemba inapofika, nyumba za Marangu, Kibosho na Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, hujaa wajukuu waliotoka Dar es Salaam na kwingineko, na jioni inapoingia hutaka kuwekewa katuni. Anayeandaa achague filamu kwa kumfikiria mtoto mdogo kuliko wote atakayekuwamo sebuleni, wala asitegemee jina la hadithi peke yake.

Mfano mzuri ni Pinocchio ya Guillermo del Toro, iliyotoka mwaka 2022. Wengi hudhani ni ya watoto wadogo, ilhali mwongozaji ameihamishia hadithi ya mwandishi Mwitaliano Carlo Collodi kuhusu kinyago cha mti kinachopata uhai, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1881, katika Italia ya dikteta Mussolini, na mwanzoni mtoto anauawa kwa bomu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baba anabaki akiomboleza. Vinyago vyake vilisogezwa kwa mkono na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote ninazozitaja hapa, lakini inakaribia saa mbili na inawafaa walio na miaka kumi na kuendelea.

Scrooge: A Christmas Carol, nayo ya 2022, imetokana na kitabu cha mwandishi Mwingereza Charles Dickens cha mwaka 1843, ina nyimbo nyingi, na mizimu inayoweza kumkosesha usingizi mtoto wa chekechea. The King of Kings ya mwaka 2025 inamwonyesha Dickens huyohuyo akimsimulia mwanawe maisha ya Yesu, kwa hiyo hata bibi atakaa kuitazama.

Kwa kuwa filamu hizi nyingi huzungumzwa Kiingereza, na mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuyafuata maandishi ya chini ya picha, wasimulieni hadithi kwa Kiswahili mchana, wakati ndizi zinamenywa, ila mwisho wake msiutoe. Waambieni kuhusu Scrooge, bahili wa London aliyetembelewa usiku na mzimu wa mshirika wake wa biashara, kisha na mizimu mingine mitatu. (Theluji ya hadithi hiyo haihitaji maelezo, kwani mawingu yakiondoka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye theluji, huonekana kutoka uani.) Filamu ikianza, mtu mzima mmoja atafsiri kwa sentensi fupi, kama wafanyavyo watafsiri wa mabanda ya video, na anyamaze nyimbo zinapoimbwa.

Filamu zipakuliwe mapema mjini Moshi, kabla ya kupanda kijijini, kwa sababu huko juu mtandao hudhoofika na bando huisha upesi nyumba nzima inapolitumia. Kishikwambi kilichojazwa chaji, pamoja na spika ndogo, huwatosha watoto wachache umeme ukikatika.

The King of Kings iwekwe tarehe 25 baada ya chakula, wote wakiwa pamoja. Pinocchio isubiri usiku mwingine, wadogo wakishalala, na mtu mzima akae na wakubwa hadi mwisho, kwa maana maswali kuhusu kifo yatakuja.