Kuandaa Bustani na Nje ya Nyumba Kabla ya Kuiuza Nairobi

Mnunuzi anayekuja kuona nyumba Donholm, Lang'ata au Runda huanza kuikagua akiwa bado barabarani, na akishaona geti lenye kutu na ua uliochakaa, huingia ndani akitafuta sababu za kushusha bei. Wauzaji wengi hukimbilia kununua maua ya vyungu, ilhali kazi inayostahili kutangulia ni kushughulikia maji.

Mvua kubwa inaponyesha, zunguka kiwanja chote uone gata linavuja wapi, maji yanatuama wapi, na kama yanaelekea kwenye msingi wa nyumba. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa jiji, Embakasi na South C zikiwemo, ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na ndiyo maana kuta za ua huko hupata nyufa kwa urahisi. Ufa wa namna hiyo haufai kufichwa kwa rangi. Zibua mtaro kwanza, maji yaelekezwe mbali na ukuta, kisha fundi aupanue ufa kidogo kwa patasi, atoe vumbi, aulowanishe na kuuziba kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga. Lipu iachwe ikauke kabisa, kwa kuwa rangi inayopakwa juu ya unyevu hubambuka mapema. Mnunuzi akiuliza, mweleze wazi kilichorekebishwa. Ni haki yake kujua.

Kalenda ya mvua ndiyo ipange kazi. Rangi na lipu hufaa Januari na Februari, au kati ya Julai na Septemba, ilhali nyasi hupandwa masika yanapoanza mwezi Machi au vuli inapoanza Oktoba, ili mvua ikusaidie kunyunyiza katika jiji ambalo maji ya mfereji huja kwa mgao. Nyasi ya Kikuyu hutambaa vizuri kutokana na vipandikizi, mradi magugu yang'olewe na mizizi yake na samadi iliyooza ichanganywe na udongo. Kama muda ni mfupi, ziba vipara kwa vipande vya nyasi iliyokwisha kumea.

Ua wa kayaba, yaani uzio wa miti ya miiba, upogolewe wiki chache kabla ya wanunuzi kuanza kuja, upana wake ukiwa mkubwa zaidi chini kuliko juu, ili matawi ya chini yapate mwanga na yasikauke. Usikate ndani sana hadi kwenye matawi makavu, kwani ua utabaki na mashimo. Bogainvilia iliyopanda ukutani ipunguzwe isizibe taa wala nambari ya nyumba. Matawi ya mjakaranda yanayogusa paa yaondolewe, maana majani na maua yake huziba gata. Ama kuukata mti mkubwa wenyewe, ulizia kwanza ofisi za kaunti.

Geti lisuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi kutu iishe, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya mafuta, na bawaba zitiwe grisi.

Siku ya kuonyesha nyumba, mapipa ya taka yaondolewe langoni, kamba za nguo zishushwe, na mbwa afungiwe ili mgeni aweze kuzunguka nyumba nzima bila hofu.